Soko likidorora Tabora, halmashauri na mfanyabiashara hupungukiwa pamoja

UCHUMI wa Mkoa wa Tabora una tabia moja ambayo mfanyabiashara mgeni huchelewa kuielewa. Fedha huingia kwa mkupuo, huzunguka kwa miezi michache, kisha hupungua hadi msimu mwingine. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa, maduka ya Urambo, Kaliua, Sikonge na mjini Tabora hupata wateja. Mabati, baiskeli, pikipiki na vitenge hutoka. Masoko yakichelewa, au wanunuzi wakipunguza kiasi wanachochukua, dukani hubaki bidhaa na daftari la madeni.

Kinachosahaulika ni kwamba daftari hilo lina mwenzake katika ofisi ya mweka hazina wa halmashauri. Tumbaku isiyonunuliwa haina ushuru. Duka lisilouza halina mauzo ya kukokotolea ushuru wa huduma. Msimu ukiharibika, halmashauri na wafanyabiashara huumizwa na jambo moja, kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, mara nyingi kila upande hutafuta nafuu kwa mwenzake. Halmashauri hukaza makusanyo, na mfanyabiashara huficha mauzo au hubadili njia ya kupitisha mzigo. Historia ya njia ya misafara, pamoja na mwenendo wa zao la tumbaku tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, vyote vinaonyesha kwamba nafuu ya namna hiyo haidumu. Inayodumu zaidi ni ile inayopatikana pale viwango, takwimu na matumizi ya ushuru vinapozungumzwa mezani kabla ya msimu, mkulima naye akiwa na kiti chake.

Funzo la hongo

Biashara ya Tabora ni ya zamani kuliko reli. Katika karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na mingine iliyoelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa, shanga na waya kwenda bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Ilikuwa pia njia ya watumwa, na hilo halina budi kusemwa kila njia hiyo inapotajwa. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga nyumba na maghala.

Watawala wa njiani waliishi kwa hongo. Leo neno hilo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa kupita, uliotolewa mbele ya watu na kujadiliwa, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Kiongozi wa msafara alijua kwamba bila hongo hapiti. Mtawala naye alijua kwamba akizidisha, msafara unaofuata utatafuta njia nyingine, naye atakosa hongo na soko la chakula la watu wake.

Unyanyembe chini ya Mtemi Fundikira palikuwa na maelewano. Wafanyabiashara Waarabu walipewa nafasi ya kukaa na kufanya biashara bila kutozwa kodi, na uhusiano huo ulikazwa hata kwa ndoa: Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Fundikira alipofariki mwaka 1858, mrithi wake Mnywa Sere aliamua kuwatoza kodi wafanyabiashara hao. Kwa mtawala aliyeona mali nyingi ikipita mlangoni kwake bila kuacha kitu, uamuzi huo haukuwa wa ajabu. Lakini haukuwa na makubaliano. Wafanyabiashara walimuunga mkono mpinzani wake, Mkasiwa, wakamwondoa Mnywa Sere, na vita vikafuata. Mwaka 1861 Speke alijaribu kuwapatanisha akashindwa. Mnywa Sere aliendelea kuvuruga njia hadi alipouawa mwaka 1865.

Hasara kubwa zaidi ilikuja mwaka 1871. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa akigombana na Waarabu wa Unyanyembe kuhusu njia na biashara, aliifunga barabara ya Ujiji. Sultani Barghash wa Zanzibar alipeleka askari, lakini Mirambo hakushindwa. Kwa miaka kadhaa misafara ilizunguka mbali na mali ilikaa maghalani. Amani ilipopatikana katikati ya miaka ya 1870, Mirambo mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwakaribisha wafanyabiashara na wageni wapite kwake. Alikuwa ameonja faida ya kuwa na nguvu juu ya njia, akaonja pia hasara ya njia isiyopitwa na mtu.

Mafunzo hapa ni mawili. La kwanza ni kwamba ushuru unaoshushwa ghafla hufukuza biashara. La pili, ambalo husahaulika, ni kwamba msamaha unaotolewa kwa wakubwa wachache nao haudumu, kwa kuwa gharama yake hubebwa na wasiokuwapo wakati unapotolewa. Ushirikiano kati ya mtawala na tajiri haukutosha kuleta amani Unyanyembe. Ulikuwa ushirikiano wa meza ndogo.

Mapato yanatoka wapi

Ili kuelewa hali ya leo ni lazima kutazama vyanzo vya mapato. Mkoa una halmashauri nane: Manispaa ya Tabora, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Igunga, Nzega ya wilaya na Nzega ya mji. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya mwaka 1982 ndiyo inayozipa uwezo wa kutoza. Katika wilaya za kilimo chanzo kikubwa ni ushuru wa mazao, ambao hulipwa na mnunuzi kwa kufuata thamani ya mazao aliyonunua. Kipo pia ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa asilimia ndogo ya mauzo, baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa, na zipo ada za leseni, masoko, minada na machinjio.

Ikumbukwe kwamba mfumo huu uliwahi kukatika. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972 wakati wa mpango wa madaraka mikoani, na vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa mwaka 1976. Sheria za kuvirejesha vyote zilipitishwa mwaka 1982, na halmashauri zilianza tena kazi mwaka 1984. Kwa muda huo wote wilayani hapakuwa na serikali ya mitaa iliyochaguliwa ya kuzungumza na mfanyabiashara kuhusu ushuru. Mazoea ya kukaa pamoja yalibidi kuanza upya, katika miaka ambayo uchumi wenyewe ulikuwa taabani.

Baadaye, katikati ya miaka ya 1990, ununuzi wa tumbaku ulifunguliwa kwa kampuni binafsi. Tangu hapo biashara imekwenda kwa mkataba. Mkulima hupata pembejeo kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, bei ya kila daraja hutajwa kwa dola ya Marekani, na deni hukatwa siku ya malipo. Wanachama hudhaminiana. Hivyo mkulima aliyefanya vizuri anaweza kulipia deni la jirani aliyeshindwa, na msimu mmoja mbaya unaweza kukifunga chama kizima kwa madeni.

Zao lilivyoporomoka na kuinuka

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Tanzania ilizalisha tumbaku zaidi ya tani 120,000 katika msimu mmoja, na Tabora ndiyo iliyoongoza. Kufikia msimu wa 2019/20 uzalishaji wa taifa ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 40,000. Sababu hazikuwa moja. Matumizi ya sigara yalikuwa yakibanwa katika nchi nyingi, hasa baada ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku kuanza kutumika mwaka 2005. Kampuni zilipunguza kiasi cha mikataba, na tumbaku iliyolimwa nje ya mikataba ikakosa mnunuzi. Mwishoni mwa muongo huo, TLTC, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, iliacha kununua. Wanunuzi wanapobaki wachache, mkulima hana pa kukimbilia, na halmashauri hali kadhalika.

Katika miaka hiyohiyo halmashauri zilipoteza vyanzo vingine. Ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato katika mwaka wa fedha 2016/17, na tangu mwaka 2021 hulipwa kupitia ununuzi wa umeme. Mwezi Julai 2017 barabara za wilaya zilikabidhiwa kwa wakala mpya, TARURA. Mwaka huohuo ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ushuru wa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ulifutwa. Kwa wakulima na wafanyabiashara, ambao walikuwa wamelalamikia utitiri wa tozo kwa miaka mingi, hiyo ilikuwa nafuu ya kweli.

Kwa mweka hazina hesabu ilikuwa nyingine. Chukua mfano wa wilaya ambayo tumbaku yake ilinunuliwa kwa shilingi bilioni 10. Kwa asilimia 5 halmashauri ilipata milioni 500. Kwa asilimia 3 ingepata milioni 300. Ununuzi nao ukishuka kwa nusu, hupata milioni 150 tu. Katika pengo hilo la milioni 350, milioni 200 zimetokana na sheria na milioni 150 zimetokana na soko. Hakuna ukali wa mkusanyaji unaoweza kuziba pengo kama hilo kwa kuwabana wenye maduka.

Mwenye duka naye haponi. Halmashauri ni mteja wake. Hununua karatasi, saruji, mafuta ya magari na vyakula vya shule, na hutoa kandarasi kwa mafundi wa mjini. Mapato yakipungua, madai ya wazabuni huchelewa kulipwa, na mzabuni aliyekopa benki huendelea kulipa riba. Aidha, tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Asilimia 10 ya mapato madogo ni mikopo midogo. Ndivyo mtikisiko wa bei ya jani unavyomfikia mama anayeshona nguo Ng'ambo, ambaye hajawahi kulima tumbaku.

Meza ipo, itumike

Chombo cha kuzungumzia mambo haya hakihitaji kubuniwa. Baraza la Taifa la Biashara liliundwa mwaka 2001 kwa waraka wa Rais, likiwa na wajumbe 40, nusu kutoka serikalini na nusu kutoka sekta binafsi. Mfumo huo una mabaraza ya mikoa yanayoongozwa na wakuu wa mikoa, na ya wilaya yanayoongozwa na wakuu wa wilaya. Kwa upande wa wafanyabiashara kuna TCCIA, chemba ya wenye biashara, viwanda na kilimo iliyoanzishwa mwaka 1988, yenye matawi mikoani.

Udhaifu wa mabaraza ya namna hii unajulikana popote yalipo. Mkutano ukiitwa wakati wa matatizo tu, huwa wa kulalamika. Ukiwa wa hotuba, wafanyabiashara huacha kuja. Mikoa ya Dodoma na Kigoma, yote miwili ikiwa kwenye njia hiyohiyo ya zamani, ilipata msaada wa Denmark katika miaka ya 2010 kupitia mradi wa kuboresha mazingira ya uwekezaji, uliofufua mabaraza na kusaidia vituo vya kutoa huduma za biashara mahali pamoja. Maana ya kituo kama hicho ni rahisi: mtu anayetafuta leseni hazunguki ofisi tano, na halmashauri inamjua mlipaji wake mapema.

Serikali Kuu husaidia wakati wa mtikisiko mkubwa. Msukosuko wa fedha wa dunia ulipoangusha bei ya pamba, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mwezi Juni 2009 mpango wa kunusuru uchumi wa shilingi trilioni 1.7, ambao pamoja na mambo mengine ulifidia hasara za wanunuzi wa pamba na vyama vya ushirika. Wilaya za pamba za Igunga na Nzega zilihusika na zao hilo. Lakini mpango wa taifa hauji kwa kila msimu mbaya wa wilaya. Katika misimu ya kawaida ya shida, walio karibu ni diwani, mkurugenzi, mwenye duka, msafirishaji na chama cha msingi.

Mambo ya kukubaliana

Jambo la kwanza ni takwimu. Bajeti za halmashauri huandaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, wakati tumbaku ingali shambani au kwenye mabani, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Kiasi kilichomo kwenye mikataba ya ununuzi hujulikana mapema zaidi kuliko mapato yenyewe. Baraza likipata takwimu hizo kwa wakati, makadirio yatafuata mikataba iliyopo kuliko matumaini, na mwenye duka atajua aagize mabati mangapi.

La pili ni ushuru wa huduma. Kiwango kimewekwa na sheria, lakini namna ya kukadiria mauzo na ratiba ya malipo huweza kuzungumzwa. Mfanyabiashara anayeruhusiwa kulipa kwa awamu katika miezi mikavu hubaki kwenye daftari la walipaji. Aliyefungiwa duka hutoka kabisa. Awamu hizo zitangazwe kwa wote, maana nafuu ya siri kwa mmoja ni mzigo kwa mwingine.

La tatu ni malipo ya wazabuni. Halmashauri inayodai ushuru huku yenyewe ikidaiwa na watu walewale hupoteza sauti. Orodha ya madeni yaliyohakikiwa, yenye mpangilio wa nani atalipwa kwanza, ingesaidia zaidi kuliko ahadi.

La nne ni barabara. Mfanyabiashara hulipa ushuru kwa halmashauri, lakini barabara ya kufikia ghala ipo chini ya TARURA. Kila mmoja anaweza kumwelekeza mlalamikaji kwa mwenzake. Njia ya kuepuka hilo ni kumweka TARURA mezani, pamoja na msafirishaji anayejua ni daraja lipi hukatika kila masika.

La tano, na pengine kubwa kuliko yote, ni kiti cha mkulima. Vyama vya msingi vikikosekana, baraza litakuwa la halmashauri na wanunuzi, na nafuu yoyote watakayopeana inaweza kuishia kwenye bei anayolipwa mwenye shamba. Mkulima asiyelipwa vizuri ndiye mteja anayekosekana dukani.

Dalili za msimu

Hali ya zao ilibadilika. Wanunuzi wapya walipoingia, akiwamo Mkwawa Leaf Tobacco, uzalishaji wa taifa ulipanda tena na kupita tani 120,000 katika msimu wa 2022/23. Kupanda huko ni habari njema, lakini hakuondoi hatari. Kiwango hicho kiliwahi kufikiwa, kisha kikaporomoka ndani ya miaka isiyofika kumi.

Mkoa pia unafunguliwa upya kama njia. Mikataba ya kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora na Tabora hadi Isaka, kisha Tabora hadi Kigoma, ilisainiwa kati ya mwaka 2021 na 2022. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga limepangiwa kupita wilaya za kaskazini mwa mkoa, na kiwanda cha kuandaa mabomba yake kilizinduliwa Sojo, Nzega, mwaka 2024. Kazi za ujenzi huleta mishahara na wateja, nazo huisha. Nzega yenyewe inaufahamu mkondo huo, kwani mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, ulioanza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990, ulifungwa mwaka 2014, na mji ukalazimika kutafuta wateja wengine.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wamesema wahenga. Mwenyeji hapati uponyaji huo ikiwa mgeni anapita tu, au ikiwa anakutana na kizuizi kila kijiji. Kwa halmashauri za Tabora, wakati mzuri wa kuweka utaratibu wa msimu mbaya ni pale masoko yanapolipa vizuri, kwa sababu ndipo kila upande unakuwa na kitu cha kuchangia. Mfanyabiashara anayefuatilia mkoa huu anaweza kutazama dalili tatu: kiasi cha tumbaku kilichomo kwenye mikataba ya msimu ujao, idadi ya wanunuzi waliosaini, na kama baraza la biashara la wilaya yake limekutana kabla ya bajeti kupitishwa. Mbili za kwanza huamuliwa zaidi na soko la dunia. Ya tatu imo mikononi mwa wenyeji.